Treni Isimame Kanja

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimeona treni Runyenjes! Haikupita barabarani. Ilipita ukutani.

Nilikuwa nimempelekea Mzee Ndambiri mashine yangu ya kunyolea aniangalizie waya. Yeye ni mstaafu wa reli, alitengeneza injini miaka thelathini na moja kabla ya kurudi nyumbani. Alinipeleka stoo ya nyuma, ile aliyokuwa akiwekea mahindi. Ndani hakuna hata gunzi. Kuna meza inayozunguka kuta zote nne, na juu ya meza nchi yetu yote: Sagana, Embu, Runyenjes, Chuka, Meru, hadi Maua. Mito, madaraja, mashamba ya kahawa. Na katikati ya yote reli, na juu ya reli treni yenye kichwa kinachoenea kiganjani, inapanda mlima ikivuma kama nyuki.

Reli ya kweli haikufika kwetu. Ilikwenda Nanyuki ikatuacha tukiangalia. Ndambiri amechoka kungoja, ameijenga mwenyewe pamoja na Mwalimu Jedidah, aliyefundisha ushonaji mpaka akastaafu. Miti na watu ni kazi ya Jedidah. Nimeona mama mmoja anaanika nguo. Mama mwenyewe hafiki urefu wa kucha mbili. Kwenye kamba kuna soksi, na soksi moja imetoboka! Nilisimama pale mpaka chai yangu ikapoa. Sijawahi kupenda kitu hivi tangu nimwone Ruguru, ambaye ni mke wangu na hataonyeshwa ukurasa huu.

Sasa jambo lenyewe. Kati ya Runyenjes na Chuka kuna pengo linalotosha stesheni moja. Tarehe kumi na sita Ndambiri atakaribisha wageni. Yeyote atakayeleta stesheni nzuri siku hiyo, iliyojengwa kwa skeli, atapewa pengo hilo na treni itasimama hapo daima. Nikasema Kanja, kwetu. Mtu aliyekuwa kwenye kona, niliyedhani ni sehemu ya mapambo kwa jinsi alivyotulia, akasema Karurumo. Anaitwa Rwamba, fundi wa baiskeli. Simpendi.

Jumapili, 3 Agosti

Kosa dogo. Nimemwambia mama.

Mama ana miaka themanini na minne. Alipokuwa msichana walipita watu wenye kamba na vigingi, wakavipigilia kwenye shamba la babu, wakasema treni inakuja Kanja. Babu akavifungia mbuzi. Mbuzi walizeeka. Treni haikuja. Basi leo kabla ya ibada nikamwambia kwamba tarehe kumi na sita treni itasimama Kanja, ndogo lakini itasimama, na nitamleta aione.  Kisha akauliza avae kitambaa cha kijani au kile cha Krismasi.

Tulipotoka kanisani kina mama wote walikuwa wanajua. Mzee wa kanisa amenishika mkono kwa mikono miwili. Ruguru ameniuliza kama haingekuwa vyema kujenga stesheni kwanza halafu nitangaze. Ruguru haelewi mipango mikubwa.

Jumanne, 5 Agosti

Stesheni imekwisha. Siku mbili tu! Nimetumia katoni ya sabuni, misumari, bati la debe na mbao nilizong'oa nyuma ya banda la kuku. Ina mlango, dirisha na bendera.

Sikusahau skeli. Kwetu skeli ni ile moja ya kituo cha chai, yenye kulabu. Nikaipeleka. Nilipanga foleni nyuma ya akina mama wenye vikapu vya majani, na zamu yangu ilipofika karani wa mizani akaitundika stesheni bila swali. Kilo mbili na gramu mia nne. Nimemwomba aniandikie kwenye karatasi na kutia sahihi. Rwamba ataleta karatasi gani?

Kuku wamelala nje ya banda. Ruguru ameuliza kwa nini. Nimemwambia ni joto.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu.

Nimeweka stesheni mezani kwa Ndambiri, na kando yake karatasi ya karani. Ndambiri akaisoma mara mbili. Mwalimu Jedidah akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha wakanieleza polepole, kama mtu anayemwongoza mgeni njia, kwamba skeli ya treni si uzito. Ni kipimo cha udogo. Kila kitu cha kweli kinagawanywa mara themanini na saba. Mtu wa futi sita anakuwa sentimita mbili na kidogo. Ndambiri akachukua mtu mmoja akamsimamisha kwenye mlango wangu. Ungepitisha ndovu pale, tena aliyebebwa na ndovu mwingine.

Rwamba hakucheka. Hilo ndilo limenichoma. Alisema tu kwamba bendera ni safi.

Nimeandika hapa ili nisisahau: SKELI SI UZITO. Nimeelewa kabisa.

Jumamosi, 9 Agosti

Mpango mpya. Nitachota ujuzi wa Mwalimu Jedidah wote kwa siku moja. Nimekwenda kwake na kilo mbili za sukari na uso wa unyenyekevu.

Ukweli lazima usemwe, hata na mimi. Yule mama ni hatari. Nyasi zake ni majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, yakaanikwa, yakatiwa rangi. Miti yake ni mashina ya dania yaliyokauka, kila tawi limechovywa kwa gundi na kunyunyiziwa ungaunga wa majani. Mti mmoja unamchukua siku tatu. Nilimwuliza kwa nini asifanye haraka, nani atajua. Akanijibu kwamba mti wenyewe utajua.

Halafu akanionyesha mabati. Unachukua foili, unailaza juu ya meno ya kitana, unapitisha ukucha, na ukiinua una bati lenye mikunjo kama la dukani. Nilitamani kulia. Kitana! Mimi ni kinyozi, nina vitana kumi na saba!

Akasema kabla ya mabati nianze na kokoto. Nichekeche mchanga kwa soksi ya kike, mara tatu, kila siku kwa mwezi mmoja, jicho lizoee kitu kidogo. Nilichekecha dakika kumi. Nikakumbuka nina mteja.

Nyumbani nikatumia kitana kikubwa, kile cha kuchambulia nywele ndefu, kwa sababu kikubwa ni bora. Paa limetoka kama matuta ya viazi.

Jumatatu, 11 Agosti

Fikra imenijia nikifagia duka langu la kinyozi. Nywele! Nyasi za bure, tayari zimekatwa, na kila siku zinaongezeka. Nimezitia rangi ya kijani ya keki na kuzibandika kwenye kilima cha nyuma ya stesheni mpya, ya pili, ambayo ni ndogo kwa kiasi fulani.

Nikakiweka kilima dirishani kikauke. Saa nne akaja mteja wangu wa miaka yote, mzee wa mvi. Akakitazama. Akajishika kichwa. Akauliza zile zilizo pale kileleni, nyeupenyeupe, zimetoka kwa nani. Nikamwambia ni theluji ya Kirinyaga. Akasema hajawahi kusikia theluji yenye mafuta ya nazi, na kwamba mtu hachukui nywele za mwenzake bila kumwambia zinakwenda wapi. Aliondoka akiwa amenyolewa upande mmoja. Mpaka jioni Kanja yote ilikuwa inasema kinyozi anaweka nywele za watu. Leo kiti kimekaa bure.

Mama amechagua kitambaa cha Krismasi. Amekifua na kukipiga pasi, na kumebaki siku tano.

Jumatano, 13 Agosti

Wateja hakuna, kwa hivyo nafasi ya upelelezi ipo. Nimetoa upepo kwenye gurudumu la baiskeli yangu mwenyewe, nikaikokota hadi Karurumo, nikamwambia Rwamba ina pancha. Nia yangu ilikuwa kuona stesheni yake na, Mungu akipenda, kuigusa vibaya.

Yule mtu hana siri hata moja. Nilimwuliza tu kama ameanza, akaniletea yote kwenye trei. Kuta ni za vijiti vya aiskrimu, kila kimoja kimepigwa msasa. Mabati yametoka kwenye kitana cha mtoto, meno membamba. Kuna benchi. Kwenye benchi mtu amechonga majina mawili na moyo, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Rwamba amezichonga kwa ncha ya sindano. Nilimwuliza amejifunza wapi. Akasema miezi saba amekuwa akikaa kwenye kona ya Ndambiri kila Alhamisi, anaangalia mikono ya wazee na kuchekecha mchanga.

"Wewe shika tu," akaniambia. "Haivunjiki ukishika polepole."

Nilikuwa peke yangu nayo kwa saa nzima wakati akitafuta pancha ambayo haipo. Ningeweza kung'oa nguzo. Kidole kilikuwa pale pale. Badala yake nilikuwa nimepiga magoti, nikiangalia ndani ya dirisha, ambamo kuna karani mwenye tai, na karani ana kikombe. Niliona wivu. Na nilifurahi, sijui kwa nini, kwamba kitu kama kile kipo Karurumo.

Aliporudi akasema hajaona pancha, ila ameongeza upepo na kukaza breki. Akanipa na rangi iliyobaki. Mtu mbaya sana. Unamchukia vipi mtu wa namna hiyo?

Ijumaa, 15 Agosti

Nimepata! Rwamba ana benchi, lakini hana msitu.

Miti ya Jedidah ni siku tatu kila mmoja. Mimi nina siku moja. Nikajiuliza ni mti gani ulio mdogo tayari, wenye shina jekundu na majani machanga juu, na unapatikana kwa mamia, umefungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Nikampigia simu Younis wa Maua, anayeendesha pikapu ya miraa kwenda Nairobi. Tunajuana tangu nilipomnyoa kwa harusi yake. Alisema sawa, lakini hasimami. Ukimsimamisha Younis akielekea Nairobi utabaki na kioo cha pembeni mkononi.

Alfajiri nilikuwa kando ya lami Runyenjes. Pikapu ikatokea, taa, upepo, na kitita kikanipata kifuani. Nilikaa chini kwa muda. Lakini ni kitita kizuri, kibichi, vijiti mia moja na ishirini.

Nimevipanda vyote kuzunguka stesheni, nikavinyunyizia maji na kuvifunika. Nimeinama mpaka macho yakawa sawa na meza. Ni msitu! Ruguru amekuja, amesimama mlangoni, ameangalia msitu, kisha mimi. Ameuliza kama nina hakika hiyo ni miti ya kuangalia. Nimemwambia sanaa si yake.

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nane wageni wakajaa stoo. Wastaafu sita wa reli, rafiki za Ndambiri, wametoka Embu na Meru. Mama akapewa kiti cha mbele, mkoba mapajani, kitambaa cha Krismasi. Ndambiri akatuambia mimi na Rwamba tuweke stesheni zetu kwenye pengo, ubavu kwa ubavu, zikibanana kwa muda ingawa nafasi ni ya moja, treni izipite zote mbili kwa majaribio, halafu wazee waamue. Yangu ilikuwa ya kwanza kutoka Runyenjes.

Msitu wangu ulivuta macho papo hapo. Wale wastaafu waliuacha mlima wa Jedidah na daraja la Ndambiri wakaja kwangu wote sita. Nikajua nimeshinda. Mmoja wa Meru akainama, akanusa, akasema huu ni msitu wa kweli kabisa. Akang'oa mti mmoja, labda kuuchunguza. Mwenzake wa Embu akasema hapa kuna kosa, Kanja hakujawahi kuota miraa, huku ni nchi ya muguka, ile miraa ya majani. Wa Meru akasema muguka ni majani ya mbuzi. Hapo wakaanza. Kila hoja ilihitaji mfano, na kila mfano uling'olewa kutoka kwangu. Wa Embu walitafuna ili waonyeshe jinsi isivyo tamu. Walitafuna kwa muda mrefu sana. Nikajaribu kuwaambia kwamba ile ni mandhari. Wakanishukuru.

Kufikia saa tisa Kanja ilikuwa jangwa. Vijiti vilivyochunwa vilikuwa vimelala kila mahali kama mafuriko yamepita. Juu ya paa langu la matuta kulikuwa na maganda.

Ndambiri akapuliza filimbi. Treni ikaondoka Sagana.  Ilipita Embu, ikavuka daraja, ikaingia Runyenjes, na kila mtu akainama kidogo, hata wanaotafuna. Mama alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa najua jambo moja ambalo yeye hakulijua: kwa majaribio treni haikupangiwa kusimama mahali popote. Ingempita. Angeiona ikimpita tena, kama wale wa vigingi.

Ikafika Kanja. Ikasimama.

Mtu anayetafuna miraa hutafuna na chingamu. Mmoja wao alikuwa ameichoka yake akaibandika pembeni, na pembeni ilikuwa reli. Magurudumu yakanasa. Kichwa cha treni kikawa kinavuma pale pale, mbele ya mlango wangu wa ndovu.

Mama akasimama. Akapiga makofi mara moja. Akasema kwa Kiembu kwamba imefika.

Ndambiri alikuwa tayari ameinua mkono kuiondoa. Nilimwona. Mkono ukakaa hewani, akamwangalia mama, akaurudisha mfukoni. Akazima umeme ili injini isiungue, akatoa filimbi akaipuliza kwa kirefu, na kwa sauti ile ya kazini akatangaza, "Kanja! Kanja! Abiria wa Kanja washuke polepole!" Jedidah akachukua kibano, akashusha mwanamke mmoja wa sentimita mbili kutoka jukwaa la Runyenjes, akamsimamisha mbele ya stesheni yangu. Mwanamke mwenye kitambaa. Mama akamtazama yule mwanamke muda mrefu. Rwamba alikuwa amevua kofia.

Ilisimama dakika nzima. Kisha Ndambiri akaondoa chingamu kwa sindano na spiriti, kazi safi, hata rangi haikukwaruzika, na treni ikaendelea Chuka.

Nililia kidogo. Harufu ya spiriti.

Kwa jumla, mpango wangu umefanya kazi kama nilivyoupanga.

Jumapili, 17 Agosti

Uamuzi umekuja kwa simu. Pengo ni la Karurumo. Ndambiri alisema Rwamba amejenga na mimi nimepanda. Hata hivyo Kanja haitasahauliwa. Jedidah ametengeneza kibao, herufi za brashi ya unywele mmoja, na kimewekwa hatua chache kabla ya stesheni ya Rwamba: KANJA. TRENI HAISIMAMI.

Kisha Ndambiri akasema kama kweli napenda kazi hii, kona ya Rwamba sasa iko wazi. Nije Alhamisi. Kuna mchanga wa kuchekechwa, na baada ya mwaka nitajua kujenga. Sauti yake ilikuwa nzuri, kama ya mtu anayekupa kitu. Nimesema nitaangalia ratiba.

Mwaka! Mimi nina shida ya wiki mbili. Mama amesimama kanisani leo, bila kuitwa, akashuhudia kwamba treni ilisimama Kanja na abiria alishuka, mwanamke. Kina mama kumi na tisa wanataka kuiona. Wamepanga tarehe thelathini. Mama amewaambia wasiwe na wasiwasi, ikifika Kanja ni lazima isimame, mwanawe ndiye amepanga.

Jumanne, 19 Agosti

Nimefikiri siku mbili. Chingamu ni kitu cha bahati. Tunahitaji jambo la kudumu. Na nikajiuliza, treni husimama wapi hata kama kibao kinakataza?

Mbele ya ng'ombe.

Nimemchonga leo kutoka kipande cha sabuni ya kufulia, kwa wembe wa kazini. Ana pembe za njiti za kiberiti, na nundu. Nimemwekea manyoya halisi, nimewaomba wateja ruhusa safari hii, wote wawili. Ruguru amesema ni mkubwa kuliko treni. Huo ndio uzuri wake. Dereva atamwona kutoka mbali.

Alhamisi nitakwenda kona ile kuchekecha mchanga, nikiwa na ng'ombe mfukoni, na wakigeuka tu atakuwa amevuka reli hapo Kanja. Ninajua kazi ya wale wazee ni ya makini, na sitaki kuaibika mara ya pili. Kwa hiyo kabla ya kurudi nyumbani nimepitia kituo cha chai, nikapanga foleni, nikamtundika kwenye kulabu.

Gramu mia tisa. Karani amesema ni ng'ombe mwenye afya, ametia sahihi.